Kung'atwa na buibui: usitazame kidonda, fuata maumivu yanakokwenda

#1 Tabibu wa Bondeni

Wakuu, habari zenu. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya mkoani Singida, huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Uzi huu nimeuleta kwa sababu wiki hii peke yake nimepokea watu wanne wa habari za buibui. Watatu walikuja wakisema wameng'atwa na buibui, na hakuna hata mmoja aliyeng'atwa. Wa nne, aliyeng'atwa kweli, yeye alikuja akilia tumbo.

Nianze na huyo wa nne. Ni mkulima wa alizeti, miaka arobaini na kitu. Alfajiri alivaa gambuti zilizolala nje ukutani, akahisi kama mwiba kwenye kifundo cha mguu, akakung'uta mguu na kwenda zake shambani. Nusu saa haijaisha mguu ukaanza kuuma. Maumivu yakapanda hadi kwenye kinena, mtoki ukamtoka. Kufika saa tatu tumbo limekaza kama ubao. Mahali pa kwanza walipompeleka walibonyeza tumbo wakasema ni kidole tumbo, apasuliwe. Ndugu hawakuwa na hela ya upasuaji, wakamleta kwetu kuomba barua ya rufaa.

Mimi nilichokiona ni jasho. Mtu mwenye maumivu makali hutoka jasho mwili mzima. Huyu mguu wa kushoto ulikuwa unachuruzika kuanzia gotini kwenda chini, na wa kulia mkavu. Nikachukua kipande cha karatasi nikakipitisha mguu huu, kikalowa. Nikapitisha kingine mguu ule, kikatoka kikavu. Malaika ya mguu wa kushoto yote yamesimama. Nikamwuliza, "Baba, leo asubuhi ulivaa nini?" Kijana akatumwa, akaleta gambuti. Tukalikung'uta juu ya shuka jeupe, akaanguka buibui mmoja wa kahawia, tumbo duara kama punje ya njegere, akajikunja kama aliyekufa. Nikamgeuza kwa kijiti: upande wa chini wa tumbo ana pembetatu mbili za rangi ya chungwa zimegusana ncha.

Na pale alipong'atwa je? Kidoa chekundu, kidogo kuliko alama ya mbu. Ningekitazama kile kidoa tu, ningemrudisha nyumbani.

Yule ni Latrodectus, jamii ambayo wengi mnaijua kwa jina la buibui mjane. Huku kwetu wa kawaida ni huyu wa kahawia, Latrodectus geometricus, ila wapo na ndugu zake weusi ambao sumu yao hutesa zaidi. Sumu hii haiozeshi nyama. Inakwenda kwenye miisho ya neva na kuifanya imwage kwa mpigo kemikali zote ambazo mwili hutumia kuiamuru misuli. Ndiyo maana dalili zake ni za misuli na jasho: maumivu yanayopanda kutoka alipong'atwa kwenda kwenye tezi za karibu (mguu ni kinena, mkono ni kwapa), kisha misuli ya tumbo, mgongo au kifua inabana na kuachia, presha inapanda, mtu anahangaika hawezi kulala wala kukaa. Akiwa ameng'atwa mguu, tumbo ndilo hukaza. Mkono, kifua ndicho hubana hadi watu wanadhani ni moyo. Kwa kawaida haya huanza ndani ya saa moja hivi.

Kufa ni nadra sana, nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu hofu nayo inaumiza. Lakini mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au mgonjwa wa moyo na presha, hao wapelekwe kituoni hata kama maumivu bado ni madogo.

Huduma ya kwanza haihitaji duka. Osha kwa maji na sabuni. Vua pete, bangili, kiatu. Funga barafu ndani ya kitambaa, weka dakika kumi, ondoa, rudia. Kama hamna barafu, kitambaa cha maji ya mtungini. Mtu atulie, kiungo kisitembezwe. Parasetamoli kwa kipimo chake. Kama buibui ameonekana, mfunike kwa kikombe au mpige picha, hata akiwa amepondeka mlete. Maumivu yakianza kupanda, au jasho, au misuli ikibana, panda chombo cha kwanza kinachopatikana uende kituoni. Kule tunatoa dawa kali za maumivu na za kulegeza misuli, tunaangalia presha, tunakumbuka sindano ya pepopunda. Yule mkulima wangu alilala kwetu siku mbili na akaenda nyumbani kwa miguu yake, tumbo lake zima halijaguswa na kisu.

Msichanje kwa wembe. Msinyonye. Msifunge kamba. Msipake mafuta ya taa, betri, wala kinyesi cha ng'ombe. Mwaka jana nilimkata kidole kijana ambaye sumu haikumdhuru kitu. Kilichomdhuru ni mpira wa baiskeli uliofungwa kuanzia jioni hadi asubuhi.

---

#2 Nyumba ya Tope

Ubarikiwe mkuu kwa somo. Naomba kuuliza. Mke wangu ameamka na mchubuko shingoni, mrefu kama mstari, mwekundu na malengelenge madogo, unawaka moto kama kaunguzwa. Bibi yake anasema kakojolewa na buibui usiku. Leo siku ya pili. Dawa yake ni ipi?

---

#3 Tabibu wa Bondeni

Mkuu pole yeye. Buibui hakojolei watu. Mwambie bibi kwa heshima kwamba mhalifu ni yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyeusi na nyekundu, wengi wanamwita Nairobi fly. Hang'ati, haumi. Damu yake ndiyo ina sumu. Anatua shingoni, mtu usingizini anamponda na kumburuta kwa kiganja, ndiyo maana mnaona mstari. Malengelenge hayatoki palepale, hutoka siku inayofuata au ya pili, na mdudu ameshasahaulika, lawama inamwangukia buibui aliye darini.

Aoshe kwa sabuni na maji mengi, mikono pia, asifikiche macho. Kitambaa cha baridi. Malengelenge msiyatumbue. Sumu ikiingia jichoni, au pakianza kutoa usaha, njooni kituoni. Kwa kawaida wiki moja mpaka mbili ngozi inarudi, inabaki weusi kwa muda. Wadudu hawa hutoka kwa wingi baada ya mvua na hufuata taa; baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 Nairobi nzima iliwajua. Ukimkuta kwenye ngozi mpulize, usimponde.

Ila niulize: mstari huo uko upande mmoja tu wa mwili, na kabla haujatoka alisikia maumivu ya kuchoma siku mbili tatu? Kama ndiyo, huo ni mkanda wa jeshi, na dawa yake ina faida kubwa ukiianza ndani ya siku tatu. Usingoje.

---

#4 Nyumba ya Tope

Hapana, hakusikia kitu kabla, na mpaka kwenye kiwiko kuna alama mbili zinazofanana, ukikunja mkono zinakutana.

---

#5 Tabibu wa Bondeni

Basi ni yule mdudu. Alikunja mkono naye yuko katikati.

---

#6 Mzee wa Kambarage

Kijana, hongera kwa elimu. Lakini jiwe la nyoka usilidharau. Baba yangu aling'atwa akiwa anapanga kuni, mkono ukavimba, mzee mmoja akaweka jiwe jeusi likanata mpaka likaanguka lenyewe, na kesho yake baba alikuwa shambani. Nimeliona kwa macho yangu.

---

#7 Tabibu wa Bondeni

Shikamoo mzee wangu. Siwezi kubisha ulichokiona. Ninachoweza kusema ni hiki: wengi wanaong'atwa na buibui kesho yake wangekuwa shambani hata wasingewekewa kitu. Jiwe hunata kwa sababu ni mfupa uliochomwa, una vitundu vinavyonyonya unyevu wa jeraha, likishalowa linaachia. Sumu wakati huo ilishaingia ndani zaidi ya jiwe linapofika.

Na mimi sina ugomvi na jiwe lenyewe, mzee. Ugomvi wangu ni yale masaa. Watu wanakaa wanalitazama lianguke. Na ili linate lazima kuchanja kwanza, na wembe ule umepita kwa wangapi? Wazee wenye mawe pale kijijini kwetu nimekaa nao. Tumekubaliana mgonjwa apandishwe kwanza kwenye chombo cha kwenda kituoni, jiwe wakitaka liwekwe njiani, bila wembe.

---

#8 Mzee wa Kambarage

Marahaba. Hilo la wembe nimelipokea.

---

#9 Mwana Kitui

Niko Kitui, Kenya. Nashukuru sana daktari. Sasa mimi nauliza hivi: huku kwetu watu wengi bado wanalala chini. Mtu anaamka usiku ameumwa na kitu, giza, hajaona chochote. Nitajuaje kama ni buibui, nge ama nyoka? Shemeji yangu walimwambia ni buibui, wakamnunulia dawa za maumivu kwa kemisti, na mguu ukaoza karibu ukatwe.

---

#10 Tabibu wa Bondeni

Ndugu yangu wa Kitui, swali lako ni kubwa kuliko uzi wangu wote, na jibu lake liandikwe ukutani: kilichokuuma gizani na hukukiona, ni nyoka mpaka ithibitike vingine.

Fira anayetema mate ana tabia ya kuwang'ata watu waliolala chini, na sumu yake huvimbisha, hutoa malengelenge na kuozesha nyama. Wengi wa wale wanaoambiwa "buibui wa kuozesha" huku kwetu nashuku ni yeye. Kifutu naye huvimbisha kiungo kizima. Koboko havimbishi sana. Yeye utamjua kwa kope: macho yanakuwa mazito, mtu anashindwa kuyafungua, mate yanamshinda kumeza, pumzi inafuata. Ukiona kope zinashuka, hakuna kusubiri asubuhi. Mlaze ubavu, mwendeshe sasa hivi.

Nge ana namna yake. Maumivu yanakuja palepale kama moto, mtu anaruka kitandani. Nge wa kuogopa ni mwenye mkia mnene na mikono myembamba. Yule mwenye makucha manene ya mbele na mkia mwembamba mara nyingi ni maumivu tu. Buibui mjane kuumwa kwake ni kama mwiba, kisha maumivu yanajengeka taratibu.

Na hizo dawa za maumivu: mpaka mashaka ya nyoka yaondoke, mpeni parasetamoli tu. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, wekeni kando, maana kama ni nyoka wa kuharibu damu, zinaongeza kuvuja.

---

#11 Fundi Gereji

Mkuu umesema tusifunge. Nimeona video ya watu wa Australia wanafunga bandeji mguu mzima, wanasema ndiyo huduma ya kwanza ya buibui. Nani mkweli?

---

#12 Tabibu wa Bondeni

Wote wakweli, ila buibui si mmoja. Wao Sydney wana Atrax robustus, buibui ambaye sumu yake inaweza kuua mtu kwa masaa machache. Kwa huyo bandeji pana ya kukaza kiasi na ubao wa kuzuia kiungo kisitikisike inachelewesha sumu. Tangu dawa yake ya kuua sumu ianze kutumika mwaka 1981 hajafa mtu tena. Buibui huyo hayupo Afrika. Na hao hao Waaustralia, kwa buibui wao wa jamii ya mjane, hawafungi bandeji, kwa sababu sumu yake inakwenda polepole na kukaza kunazidisha maumivu.

Halafu fundi, bandeji ile si kamba. Kidole kinapita chini yake na damu inatembea. Mpira wa baiskeli ni kitu kingine kabisa.

Antivenomu ya mjane ipo pia, inatengenezwa Johannesburg, na hutolewa kwa waliozidiwa. Dawa ya nyoka haifanyi kazi kwa buibui, hivyo msimkasirikie mhudumu asipoitoa.

---

#13 Mtu wa Wichita

Nawasoma kutoka Kansas, Marekani, mwaka wa tisa niko huku. Niongezee jambo moja. Huku kila jipu ni "buibui". Wanaye kweli, Loxosceles reclusa, wa kahawia, miguu mirefu myembamba, macho sita badala ya manane, na akikung'ata huwezi kusikia sana, ila baada ya siku moja mbili panaweza kubadilika rangi na kuwa kidonda. Lakini sikilizeni: mwaka 2001 familia moja ya watu wanne hapa Kansas walikusanya nyumbani mwao buibui hao 2,055 kwa miezi sita. Waliishi nao miaka. Hakuna aliyekuwa ameng'atwa.

Tangu nisome hilo, nikiona kidonda silaumu tena ukuta.

---

#14 Tabibu wa Bondeni

Ahsante sana ndugu. Jamii hiyo ya Loxosceles ipo na Afrika, ila mgonjwa aliyethibitika, yaani buibui ameonekana aking'ata na akatambuliwa, sijampata hata mmoja. Majipu ya bakteria nimepata mamia.

---

#15 Mama Shadya

Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, suali langu ni la nyumbani. Mwanangu wa miaka mine anacheza kila pembe, na darini buibui wamejaa. Nimeambiwa ninunue dawa ya kupuliza niwamalize wote. Na juzi shambani kwa kaka tumeona mkubwa ana manyoya, rangi ya chungwa, katoka shimoni kasimama miguu juu. Nimekosa usingizi.

---

#16 Tabibu wa Bondeni

Waalaikumu salaam Mama Shadya. Lala usingizi, mama.

Yule wa manyoya ni Pterinochilus murinus. Kusimama vile ni kukwambia usisogee. Aking'ata anauma sana, panavimba, misuli inaweza kubana siku kadhaa, lakini haui. Haingii ndani kutafuta mtu. Mkataze mtoto kuchokoa mashimo yenye utando mdomoni, basi.

Wa darini, wenye miguu kama nyuzi, na wale bapa wanaokimbia ukutani, waache. Hata kuta za kanda ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, zina buibui mdogo mrukaji, milimita tano hivi, Evarcha culicivora, ambaye chakula anachokipenda ni mbu jike aliyeshiba damu, na anamchagua hasa mbu wa malaria. Watafiti wa Mbita, kando ya ziwa hilo upande wa Kenya, wamemfuatilia kwa miaka. Ukipuliza dawa kila pembe, unaua na walinzi hao.

Wa kumtafuta ni mjane, na makazi yake hayako darini. Yuko chini, pakavu, pasipoguswa: chini ya kiti cha plastiki, ndani ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye matofali, kuni, ukingo wa choo cha shimo, baiskeli ya mtoto iliyokaa nje. Utando wake hauna umbo, ni vurugu tu, lakini nyuzi zake ni ngumu: ukizikata kwa kijiti unasikia zinakatika kama unachana karatasi. Na mayai ya yule mjane wa kahawia ndiyo kitambulisho rahisi: vijifuko vya duara rangi ya maziwa, vina vimiba pande zote. Ukiviona, vaa viatu, vichome au viponde kwa kijiti, usitumie mkono. Gambuti zilale zimepinduliwa kwenye vijiti, na zikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Chandarua kichomekwe chini ya godoro. Kinazuia mbu, nge na nyoka kwa pamoja.

---

#17 Mama Shadya

Allah akulipe kheri. Nimegeuza viti vya uani sasa hivi. Kimoja kina vijifuko viwili vya vimiba. Nimeviponda kwa ncha ya ufagio.

---

#18 Mfugaji wa Kusini

Daktari nimekusoma toka juu. Mimi nina kidonda mkononi siku ya tano, juu ya kiganja. Kilianza kama kipele kinawasha, kikawa lengelenge, sasa katikati ni cheusi kama mkaa na pembeni pamevimba sana. Hakiumi. Nilikuwa na hakika ni buibui lakini wewe unasema buibui anauma. Nifanye nini?

---

#19 Tabibu wa Bondeni

Mkuu, nijibu haraka: kuna ng'ombe, mbuzi au kondoo aliyekufa ghafla kwenu ndani ya wiki mbili hizi? Ulimchuna?

---

#20 Mfugaji wa Kusini

Ndiyo. Ng'ombe jike alianguka asubuhi, damu puani haikuganda. Tulimchuna watatu, nyama tukagawana na jirani.

---

#21 Tabibu wa Bondeni

Hicho si buibui. Kidonda cheusi kisichouma, kimezungukwa na uvimbe, baada ya kuchuna mnyama aliyekufa ghafla, hicho ni kimeta mpaka hospitali iseme vingine. Nenda leo, si kesho. Kinatibika vizuri kwa antibiotiki kikiwahiwa. Usikikwangue, usikitumbue, kifunike kwa kitambaa safi. Ukifika mwambie mhudumu neno "kimeta" mlangoni na umweleze habari ya ng'ombe. Nyama iliyobaki isiliwe na wala isitupiwe mbwa. Mwite afisa mifugo aje kwenye mzoga na ngozi. Na waliokula, waliochuna, wote waje.

---

#22 Mfugaji wa Kusini

Nipo njiani.

---

#23 Mfugaji wa Kusini

Nimelazwa, nimewekewa dripu na sindano zimeanza. Daktari wa hapa amesema vilevile. Afisa mifugo amekwenda nyumbani na vijana, wamezuia ile nyama. Jirani na watoto wake wamepewa dawa. Tuliochuna tulikuwa watatu: mimi nipo hapa, mmoja ameletwa jioni hii ana kipele shingoni. Wa tatu amebeba ngozi, ameondoka jana na lori kwenda mnadani, na simu yake haipatikani.

---

#24 Tabibu wa Bondeni

Mpe afisa mifugo jina lake na la mnada, usiku huuhuu. Na namba ya mwenye lori, anayo nani?